Dondoo muhimu: Mgongo wa juu ukigoma kupona baada ya ajali

Ulianguka na bodaboda, mchubuko ukapona, lakini katikati ya mabega bado panauma. Maumivu yakipita miezi 3 huitwa sugu, na tiba yake si ile ya wiki ya kwanza.

• Usijilaze ukingoja yaishe. Misuli isiyotumika hukakamaa na kudhoofu. Muone mtaalamu wa fiziotherapia akufundishe kuvuta mabega nyuma, kunyoosha kifua na kuimarisha misuli ya mgongo. Kisha ufanye mazoezi hayo nyumbani kila siku, kidogo kidogo, kwa wiki kadhaa. Wengi huacha siku ya tatu kwa sababu panauma. Kuuma kidogo wakati wa zoezi si lazima iwe dalili ya kuumia upya.

• Ibuprofeni na diklofenaki hutuliza, ila zikimezwa kwa miezi huweza kuleta vidonda vya tumbo na kudhuru figo. Mwulize daktari kuhusu amitriptilini ya dozi ndogo usiku. Ni dawa ya sonona, lakini hutuliza pia maumivu ya neva.

• Kitambaa cha maji moto na kuchuliwa polepole husaidia kwa muda. Mchuaji anayekukunja shingo mpaka ilie, mkwepe.

• Wahi hospitali miguu ikifa ganzi au kulegea, mkojo ukikutoka wenyewe au ukiziba. Homa za jioni, jasho la usiku na kukonda usivipuuze: kifua kikuu huweza kushambulia pingili za mgongo, huku wewe ukiisingizia ajali.