Viboko shuleni: wazazi muanzie wapi?

Anzeni na daftari la adhabu. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi 4, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari hilo. Mzazi mmoja akiliulizia ataitwa mkorofi; nendeni kama kundi, pamoja na mjumbe wa kamati ya shule.

Mtoto akiumizwa, hospitali kwanza, kisha dawati la jinsia na watoto polisi, kabla alama hazijafifia. Msikubali kumalizana pembeni kwa soda na pole.

Mwalimu mwenye darasa lililofurika naye ana hoja, msikilizeni. Halafu ombeni adhabu mbadala ziwe ajenda ya kikao cha wazazi, na mdai muhtasari wenye sahihi.