Kugeuza Meza Kuukuu kuwa Kigoda Laini

Meza ya mbao iliyochakaa haikosekani katika nyumba nyingi za Korogwe na Handeni. Mara nyingi uso wake umepasuka au umeunguzwa na sufuria, lakini miguu yake ni mizima. Meza ya namna hiyo isipasuliwe kuni kabla ya kuchunguzwa. Katika somo hili tutaigeuza iwe kigoda laini, nasi tutajifunza kwa nini kitu laini humstarehesha anayekikalia.

Kaa juu ya ubao mtupu kwa muda wa nusu saa. Utaona kwamba unaumia, ingawa uzito wako haukuongezeka. Sababu ni kwamba ubao haubonyei, hivyo uzito wote wa kiwiliwili hubebwa na sehemu ndogo ya mwili. Tuseme mtoto ana uzito wa nyutoni 300, na sehemu inayogusa ubao ina eneo la sentimita za mraba 100. Kila sentimita ya mraba hugandamizwa kwa nyutoni 3. Akikalia mto unaobonyea, eneo linalogusa huongezeka. Likifika sentimita za mraba 600, kila sentimita hubeba nusu nyutoni tu. Kani inayogandamiza kila kipimo kimoja cha eneo huitwa kanieneo. Kazi ya mto ni kupunguza kanieneo.

Je, ndani ya mto mna nini? Wengi hujibu kwamba mna sponji, na kwa kuwa sponji huuzwa dukani, huiacha kazi hii kwa kukosa fedha. Lakini ndani ya sponji mna hewa zaidi ya kitu kingine chochote. Nyuzi zo zote zinazoweza kushikilia hewa na kurudi katika umbo lake baada ya kubonyezwa zaweza kufanya kazi hiyo, na nyuzi hizo tunazo karibu.

Mkonge uliletwa katika nchi yetu mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo mashamba yalienea hadi Korogwe, na pia Kabuku upande wa Handeni. Katika kilo 100 za majani ya mkonge, singa kavu huwa kilo 4 hivi au pungufu. Sehemu kubwa ya jani ni maji na nyama yake. Singa ndefu hutengenezwa kamba na magunia. Zile fupi zilizokatikakatika hazina thamani kubwa kwa msokota kamba, lakini kwetu zafaa sana.

Jaribio. Chukua makopo matatu yaliyo sawa. Jaza la kwanza sufi, la pili singa fupi za katani, na la tatu usumba wa nazi. Pima kimo cha kila kitu ndani ya kopo. Weka juu yake kibao na jiwe, pima tena, kisha ondoa jiwe, ngoja dakika tano, upime mara ya tatu. Kitu ambacho kimo chake cha mwisho kinakaribia kimo cha kwanza kina unyumbufu mkubwa.

Sufi ni laini kuliko zote, lakini ikikaliwa siku nyingi hushikamana mabonge. Singa ni ngumu nazo huchoma, ila husimama imara. Kwa hiyo tutaweka singa chini, gunia katikati, na sufi juu.

Sasa anza kazi pamoja na mtu mzima. Kagua miguu kwanza. Ukiona matundu madogo yanayotoa unga mpya, bungua bado wamo ndani. Mguu huo usibebeshwe mtu mpaka fundi seremala auone. Pima kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti lako, utoe unene wa mto, upate kimo cha kukata. Pindua meza na pima kila mguu kuanzia kwenye uso wa meza wala si kwenye ncha, maana ncha za meza kuukuu mara nyingi zimelika kwa kiasi tofauti. Hapa ndipo wengi huharibu kazi, kigoda kikayumba.

Toboa matundu machache, upana wa penseli, katika uso wa meza. Mtu akikaa, hewa hutoka kwa njia hiyo, akiinuka, hurudi. Anika singa juani hadi zikauke kabisa, kwani unyevu huotesha kuvu. Zichambue kwa vidole, zitandaze sawasawa, uzifunike kwa gunia na kuligongomea chini ya ubao. Tandaza sufi, kisha vuta kitambaa cha juu. Gongomea katikati ya kila upande kwanza, halafu endelea kuelekea pembeni, ili kitambaa kisijikunje. Kitenge hupendeza macho lakini huchanika upesi. Suruali kuukuu za jinzi zilizounganishwa hudumu zaidi, nazo hazigharimu kitu.

Angalia! Nyuzi za sufi ni nyembamba nazo zimezungukwa na hewa, kwa hiyo hushika moto haraka mno. Kigoda hiki kisiwekwe karibu na koroboi, mshumaa wala jiko, na mtu asivute sigara akiwa amekikalia.

Maswali

1. Mtoto mwenye uzito wa nyutoni 360 anakalia eneo la sentimita za mraba 120. Kanieneo ni kiasi gani?
2. Kwa nini kigoda kilichofunikwa kwa plastiki, bila matundu chini, huwa kigumu kukaliwa?
3. Kimo cha singa katika kopo kilikuwa sentimita 12, kikawa 7 chini ya jiwe, kisha 11. Kimo cha sufi kilikuwa 12, kikawa 3, kisha 8. Ni kipi chenye unyumbufu zaidi?
4. Chunguza godoro au kochi moja nyumbani kwenu. Limejazwa nini?