Ratiba ya Picha kwa Mtoto Mwenye Usonji
Kengele inapolia na somo kubadilika ghafla, mtoto mwenye usonji anaweza kuziba masikio na kulia. Huo si utukutu, hajui kinachofuata. Ratiba ya picha, mojawapo ya mbinu zilizothibitishwa na utafiti, humsaidia.

Mwalimu achore shughuli kwenye kadi: kusoma, kunywa uji, kucheza, kwenda nyumbani. Azibandike ukutani kwa mpangilio. Shughuli ikiisha, mtoto atoe kadi yake na kuonyeshwa inayofuata. Ratiba ikibadilika, kadi ibadilishwe mapema mbele yake. Asiyeongea pia anaweza kutoa kadi kuomba maji au choo.

Wazazi watumie kadi hizohizo nyumbani. Anayeshuku mtoto wake ana usonji ampeleke kituo cha EARC kilicho karibu, akafanyiwe tathmini ya elimu. Asingoje.