Ndigana kali: soma albumini, usidanganywe na jumla

Ng'ombe ana homa, tezi ya chini ya sikio imevimba, malisho hayataki. Mwite daktari wa mifugo leo hii. Buparvakuoni, dawa ya ndigana kali, husaidia zaidi ikiwahi, kwa hiyo usikae kusubiri majibu ya maabara. Damu itolewe kwanza, sindano ifuate papo hapo.

Mirija miwili inatosha. Wa kifuniko cha zambarau ni wa chembe za damu: ugeuze taratibu, usiutikise. Mwekundu ni wa protini: uache umesimama kivulini mpaka damu igande. Seramu nzuri ni ya manjano. Ikiwa nyekundu, chembe zimepasuka na kipimo kitakudanganya. Safari ikiwa ndefu, omba seramu itenganishwe kabla ya kuondoka, kisha ifunge kwa karatasi isigusane na barafu.

Daktari avute pia majimaji ya tezi kwa sindano, ayapake kwenye kioo. Hapo ndipo Theileria, vimelea vya ndigana, huonekana. Protini hazitaji ugonjwa. Zinasema mnyama amechoka kiasi gani.

Majibu yakija, ruka mstari wa jumla ya protini. Ng'ombe mzima huwa na takriban gramu 7 kwa desilita (maabara nyingine huandika 70 kwa lita), na mgonjwa anaweza kuwa na 7 hiyohiyo. Sehemu zake mbili ndizo zimesogea: albumini imeshuka, globulini imepanda, jumla imetulia. Akiwa amekaukiwa maji, jumla hupanda zaidi. Vuta ngozi ya shingo: ikichelewa kurudi, usiamini namba nzuri. Kwa ndama, uliza kwanza kama alipata dang'a. Aliyeikosa huwa na protini chache hata bila ndigana.

Sasa tazama albumini. Kawaida huzunguka gramu 3 hadi 3.5 kwa desilita, ila fuata kiwango kilichochapwa kwenye karatasi yako. Hushuka kwa sababu mnyama hali, ini limegeukia kutengeneza protini za kinga, na nyingine inavuja nje ya mishipa. Ndiyo inayoshikilia maji ndani ya mishipa. Basi ikiwa chini na ng'ombe anahema, mkumbushe daktari kabla hajaning'iniza dripu: maji mengi yanaweza kuishia mapafuni. Na wewe usimnyweshe kwa chupa. Weka ndoo mbele yake, anywe mwenyewe.

Taya likivimba chini, usiitupie ndigana lawama zote. Minyoo bapa wa ini nao hushusha albumini.

Haptoglobini, protini nyingine ya damu, kama maabara inaipima, hupanda haraka, lakini hata ugonjwa wa kiwele huipandisha. Ikishuka baada ya tiba, ni habari njema. Albumini hurudi polepole, wiki kadhaa. Mpe majani laini na mashudu kidogo kidogo, kisha rudia kipimo kwenye maabara ileile.