SOMO: MLINZI ASIYEMWOGOPA MENEJA



Wanachama wengi wametuuliza kwa nini orodha ya malipo ya rambirambi kutoka tawi letu la shamba la chai ilichelewa siku mbili, hali wafiwa walikuwa wanangoja. Tuliahidi kujibu kwa maandishi. Jibu lenyewe linaingia katika mambo ya mitambo, lakini msiogope. Sisi tunaoandika tuliishia darasa la saba, na tulikaa na mafundi mpaka tukaelewa.

Tuanze na njia. Ofisi zetu zimeunganishwa kwa mtandao, na kila ofisi ina kompyuta ambayo kazi yake ni kuelekeza habari: hii ipite huku, ile ipite kule. Mafundi huiita ruta. Ndani yake mna programu inayozungumza na ruta za jirani na kutunza orodha ya njia. Mojawapo ya programu hizo ni Zebra, iliyoanzishwa mwaka 1996 na Mjapani Kunihiro Ishiguro. Kutoka kwake ikazaliwa Quagga, yenye jina la punda milia wa Afrika Kusini aliyetoweka duniani mwaka 1883, na mwaka 2017 ikatokea FRRouting. Ruta yetu ni ya zamani na inatumia Quagga. Kwa uhaba wa fedha tuliitumia kompyuta hiyo hiyo kutunzia daftari la wanachama. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

Njia ikikosewa, hasara huenda mbali. Tarehe 24 Februari 2008 kampuni ya Pakistan Telecom ilitaka kuifunga YouTube ndani ya nchi yake tu, lakini tangazo lake la njia likavuka mipaka, na kwa saa mbili hivi watu wa sehemu nyingi za dunia wakaikosa. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilitoweka kwa saa sita hivi baada ya kosa lililofanyika wakati wa matengenezo. Huko hakukuwa na mwizi. Basi fikirini mwizi akiingia ndani ya programu yenyewe.

Ulinzi wa kawaida wa kompyuta ni wa hiari. Mwenye faili ndiye anayeamua nani asome na nani aandike, na juu ya wote yupo mtumiaji mkuu, aitwaye root, ambaye hakatazwi lolote. Ni kama kiwanda ambacho meneja akitamka neno, mlinzi anafungua bohari, anafungua ofisi ya mhasibu, anafungua kabati la majalada ya wafanyakazi, wala haulizi. Programu ya njia huanza kazi ikiwa na madaraka makubwa, kwa kuwa inagusa kiini cha mfumo. Anayeipenya kwa hila huyavaa madaraka hayo.

Dawa yake ni udhibiti wa lazima. Katika mfumo wa Linux upo mmoja uitwao SELinux, uliotengenezwa na shirika la usalama la Marekani, NSA, ukatolewa kwa umma Desemba 2000 na kuingizwa katika Linux yenyewe mwaka 2003. Kila programu na kila faili hupewa lebo. Zebra na jamaa zake huvaa lebo zebra_t, faili za mipangilio yao zebra_conf_t, na faili za kumbukumbu zao zebra_log_t. Kisha zipo kanuni: mwenye zebra_t asome mipangilio yake, aandike kumbukumbu zake, aongee na majirani, abadilishe njia. Lisiloandikwa ni marufuku. Hata root, akiwa ndani ya lebo ile, daftari la wanachama halimfungukii.

Nasi tuna kitu kama hicho, ndugu. Mkataba wa pamoja ukishatiwa saini unambana mnyapara, na meneja pia unambana. Msimamizi hawezi kusema leo nimeamua vingine.

Sasa kilichotokea. Fundi wetu kijana aliingiza njia ya tawi jipya kwenye ruta, ikafanya kazi. Alipotaka kuihifadhi, ruta ikakataa. Kwa kuwa mawasiliano yalikwenda vizuri, akaacha hivyo, na sisi hatukumwuliza. Njia ile ilikuwa kichwani mwa kompyuta tu, haijaandikwa popote. Usiku mmoja umeme ukakatika. Ulipowaka, ruta ikasoma mipangilio ya zamani na tawi likapotea. Fundi alikuwa likizo. Alirudi siku ya pili, akaona SELinux ndiyo iliyokataa, akaizima yote, akahifadhi njia, orodha ikatumwa. Wote tukafurahi.

Furaha hiyo ilikuwa ya kijinga. Kwa wiki tatu daftari la wanachama, lenye majina ya wenzetu ambao waajiri wao hawajui kwamba wamejiunga, lilikaa bila mlinzi yule. Mwenye kufahamu maana ya kufukuzwa kazi kwa sababu ya kadi ya chama ataelewa kwa nini tunaandika haya.

Aliyeligundua ni fundi mwingine, mtu mzima. Alifungua faili ya kumbukumbu, /var/log/audit/audit.log, akatuonyesha mstari: zebra_t imekatazwa kuandika kwenye zebra_conf_t. Haikuwa hitilafu. Programu hairuhusiwi kubadilisha mipangilio yake mpaka mtu afungue swichi moja ndogo, zebra_write_config, ambayo kwa kawaida imefungwa. Aliirudisha SELinux kazini, akafungua swichi ile, akahifadhi, akaifunga tena. Kijana alibisha kwamba ingeachwa wazi ili kuepuka usumbufu. Sisi tuko na mzee: swichi ikiwa wazi, anayeipenya programu anaweza kuandika njia zake za uongo zikabaki hata baada ya kuzima na kuwasha.

Msidhani kwamba hapo kila kitu kimelindwa. SELinux haijui kama njia iliyotangazwa na jirani ni ya kweli; habari ya Pakistan isingeizuia. Kwa hilo huwekwa vichujio vya njia, na siku hizi vyeti vya RPKI vinavyothibitisha nani ana haki ya kutangaza anwani zipi.

Makatibu wa matawi yenye ruta za Linux, mwambieni fundi aandike getenforce mbele yenu. Jibu likiwa Enforcing, mlinzi yuko kazini. Likiwa Permissive, anaandika makosa bila kumzuia mtu. Likiwa Disabled, hayupo kabisa. Leteni habari ofisini siku hiyo hiyo. Daftari la wanachama tumekwisha lihamishia kwenye kompyuta nyingine.