Tepe za Mkononi na Neno "Afande"

SWALI: Bwana Mhariri, nimehamia Kawale, Lilongwe, kutoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Kwa Kiswahili nimezoea kusema "afande"; nimwiteje askari wa jeshi la hapa, na tepe zake zina maana gani?

JIBU: Jeshi la Malawi, ambalo asili yake ni batalioni ya kwanza ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, iliyogeuzwa kuwa Malawi Rifles mwaka 1964, lingali likifuata taratibu za Kiingereza: praiveti hana tepe, koplo usu anayo moja, koplo mbili, sajenti tatu, na juu yao, kabla ya kuwafikia wenye nyota, wapo maofisa wateule, ambao raia huwasahau, ilhali kambini sauti yao ndiyo ihofiwayo. "Afande" ulilolizoea latokana na Kituruki, efendi, nalo lilienezwa na askari wa Kisudani waliowatumikia Wadachi na Waingereza. Walakini vikosi vya Nyasaland, yaani Malawi ya kikoloni, vilizungumza Kinyanja, si Kiswahili, basi usistaajabu likipokewa hapa kwa ugeni. Umjuaye cheo, mwite kwa cheo na jina la ukoo. Usiyemjua, "bambo" (bwana) yatosha, na mwanamke "mayi" (mama). Saluti usipige, kwani raia hadaiwi.