Mdudu wa Macho ya Dhahabu: Namna Kiumbe Anavyotambuliwa na Kupewa Jina

Mkaazi anayelima mchicha au bamia Mbweni huenda amewahi kuona, chini ya jani, vijiyai vilivyosimama kila kimoja juu ya kikonyo chembamba mithili ya unywele. Wengi huvidhania kuwa ni ukungu, na papo hapo bomba la dawa hutolewa. Kumbe ni mayai ya mdudu wa kijani mwenye mabawa kama lesi na macho yanayometa dhahabu. Buu wake hufyonza vidukari na inzi weupe. Kumpulizia dawa ni kumuua mlinzi wa bustani.

Kumtambua kwa aina ni kazi ngumu zaidi. Mtaalamu huchunguza mishipa ya mabawa, madoa ya uso na, kwa hadubini, viungo vya uzazi vya dume. Zipo aina zinazofanana mno hata hutofautishwa kwa mtikiso wa tumbo, ambao dume na jike huitikiana kupitia jani. Huo ndio wimbo wao, ijapokuwa sikio la mwanaadamu haliusikii.

Mwaka 2011, nchini Malaysia, Guek Hock Ping alimpiga picha mdudu wa jamii hiyo na kuiweka mtandaoni. Shaun Winterton, mtaalamu wa wadudu aliyeko California, akaiona na asimtambue. Hata hivyo picha pekee haikutosha. Ilibidi Guek arudi msituni, ampate mwengine na kumpeleka London kwa Stephen Brooks wa makumbusho ya viumbe. Ndipo mwaka 2012 aina hiyo ikatangazwa kwa jina la Semachrysa jade. Kielelezo huhifadhiwa ili kila atakayedai amepata aina nyengine alinganishe nacho.

Utaratibu huu si mgeni kwetu. John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa na nyumba na bustani hapahapa Mbweni, alikuwa akipeleka vielelezo Uingereza. Kima punju wa Jozani amebeba jina la kirkii tangu mwaka 1868.

Mkaazi atakayeona mdudu asiyemjua katika mazao anaombwa asitangulize dawa. Ampige picha pamoja na jani, amtie katika kichupa chenye spiriti, kisha amfikishie bwana au bibi shamba, ambaye anaweza kuwauliza watafiti wa kilimo wa Kizimbani. Ndani ya kichupa kiwemo kikaratasi chenye tarehe, mahali na jina la mmea, kilichoandikwa kwa penseli, kwani wino wa kalamu huyeyuka katika spiriti.